Nilifungua Mlango wa Kulia Nikakuta Usukani

Admin, nifiche tafadhali. Majina nimeshayabadilisha mwenyewe, maana mji wetu ni mdogo na watu wana macho.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, fundi cherehani hapa Gisenyi, Rwanda, Mwislamu, mtoto wa mji. Tuna binti mmoja, tumwite Sada. Baba yake ana duka la vipuri vya pikipiki Goma, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Kutoka kwangu hadi dukani kwake unaweza kwenda kwa mguu, lakini anaondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa kwa sababu, anasema, mpaka unafungwa mapema na wateja wanachelewa. Nimezoea. Majirani wanamwita mume wa wikendi, nami nacheka nao.

Mwaka jana aliniambia amechoka na maisha hayo. Angefunga duka la Goma, afungue hapa sokoni, na tununue jeep ndogo. Kwetu gari lolote lililoinuka kidogo tunaliita jeep. Angepanda nalo milimani Kanama kuleta viazi na maharage ya kuuza, asubuhi angempeleka Sada shule, na mimi ningepumzika kupanda pikipiki, kwani nyonga yangu haijakaa sawa tangu nilipoanguka. Nilifurahi jamani, sitawaficha. Nilifurahi kama bibi harusi.

Basi tukaanza kulinganisha. Komisyoneri, yaani dalali wa magari, alikuwa akituita kila anapopata kitu. Baba Sada anakagua injini na matairi, mimi kazi yangu ni kukaa. Nafungua mlango wa kulia, wa abiria, napanda, nashuka, natoa hukumu. RAV4 ilikuwa pana, nzuri, ila kwa nyonga yangu ni kama kupanda ngazi. Kulikuwa na moja ya Kikorea yenye kiti laini, lakini tumbo lake liko chini, na njia ya Cyanzarwe ni mawe matupu. Vitara niliipenda mimi kwa sababu hainywi sana, yeye akasema magunia hayataenea nyuma. Tulibishana hadi chai inapoa. Miaka yote ya ndoa hatujawahi kuongea namna ile. Mtu akinipita barabarani na gari nilikuwa naangalia kwanza kiti, halafu ndiyo sura yake.

Fedha za kumalizia zilikuwa zitoke kwenye shamba langu la Nyakiriba. Marehemu baba alinigawia mimi, lakini kwa kuwa tumefunga ndoa serikalini, kuuza lazima tutie sahihi wote wawili. Nilikubali kwa mdomo. Gari la nyumbani, shamba la nyumbani, niliona ni yale yale.

Wiki iliyopita akanipigia. "Mama Sada, njoo Goma. Nimepata ile yenyewe."

Nikavuka. Nikaikuta kwenye parking, nyeupe, safi, imeoshwa. Komisyoneri yuko pale, Baba Sada anatabasamu. Nikaenda upande wangu kama kawaida, nikafungua mlango wa kulia, nikakuta usukani.

Komisyoneri akaangua kicheko. "Maman, leo unataka kuendesha?"

"Bon, nimekosea mulango," nikasema, nikacheka na mimi.

Wasiojua niwaeleze. Hapa Rwanda usukani uko kushoto, na gari dogo lenye usukani wa kulia haliandikishwi. Goma yapo mengi, tena kwa bei ya chini. Mtu anayerudi kuishi Gisenyi hanunui gari la namna hiyo. Nadhani Baba Sada alisahau kwamba mke asiyejua kuendesha naye ana macho. Au hakusahau, alichoka kuficha.

Nikazunguka, nikakaa upande wa kushoto. Na kile kiti, ndugu zangu, kilikuwa kizuri kuliko vyote. Nyonga haikuuma, wakati wa kupanda wala wa kushuka. Wakaniuliza, "Iko aje?" Nikajibu ukweli, "Iko muzuri." Baba Sada akapiga makofi. "Mama Sada amekubali! Voilà!"

Akanisindikiza hadi karibu na mpaka. Nikamuuliza habari ya namba, "Hii itapata plaque ya Rwanda?"

"Hapana. Hawakubali usukani wa droite kule. Itabaki na plaque ya huku."

"Na shule ya Sada?"

"Nitakuwa naingia nayo wikendi na kibali cha mgeni, kama visiteur."

"Na duka ya sokoni?"

"Tutaona, Mama Sada. Pole pole."

Sikulia. Nilirudi, nikapika, nikamaliza gauni la mteja, na mshono haukupinda hata kidogo. Mpaka leo sijalia. Nakula, nalala, naswali, kama vile haya ni ya mtu mwingine niliyesimuliwa.

Shoga yangu Zulfa nilipomweleza aliruka. "We! Huyo iko na bibi Goma!" Labda. Mimi sijaona mwanamke, sijaona mtoto, sijaona hata kandambili mlangoni. Nimeona usukani tu, kwa hiyo naomba kwenye comment msinihesabie michepuko. Nilichokijua ni kwamba mume wangu harudi nyumbani, na amenipeleka nikamsaidie kuchagua gari la kutorudi nalo.

Ijumaa hii anakuja na mnunuzi wa shamba. Nikisita, najua atakachosema: si ulikaa mwenyewe, si ulisema iko muzuri mbele ya mtu? Na Sada ameshawatangazia wenzake shuleni. Jana ameniuliza kama atakaa mbele. Nimemjibu mbele ni pa wakubwa.

Nishaurini, wenye ndoa zenu na mliopita huko. Shamba la baba nilitilie sahihi au nilishike? Na mtu akishakiri mbele ya watu kwamba kiti ni kizuri, bado ana haki ya kukataa kukikalia?