Maharage Juu ya Ufa

Wiki iliyopita wenzangu wa kazini hapa Jinja walipanga safari ya siku moja kwenda milimani, juu ya Mbale. Kuondoka alfajiri, kurudi jioni, picha nyingi. Nikasema mgongo unaniuma. Mgongo wangu ni mzima kabisa, rafiki yangu, ila safari hiyo niliifanya mara moja nikiwa msichana wa miaka minane, ikanitosha.

Sisi watoto tuliambiwa tunakwenda kutembea tu. Baba aliazima gari la jirani, mama akapanga kikapu: chapati, mayai ya kuchemsha, na samaki wa kukaanga kutoka Wanyange, wa kumpelekea bibi. Njia nzima tuliimba na kugombania dirisha. Tulipofika Busiu mlima ukajitokeza mzima mzima, tukaukodolea macho wote. Mama peke yake hakutaka kuutazama. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amesikia mvua imepasua ardhi kwa majirani wa bibi, naye alikuwa ameapa: akiona ufa hata mmoja shambani, bibi anarudi nasi Jinja siku hiyo hiyo, apende asipende.

Bibi, tuliyemwita Kukhu kwa lugha ya kwao, alikuwa mjane wa askari magereza. Kiswahili chake alikiokota kwenye nyumba za askari, nacho ndicho kilichotuunganisha, maana mimi Kimasaba sikukijua. Siku ile jikoni kwake kulikuwa na chungu cha malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, ndani ya karanga za kusaga. Harufu ile bado naipenda, na inaniudhi kwamba naipenda.

Wazazi walipokuwa wanasalimiana na majirani, bibi aliniita nyuma ya nyumba akanipa jembe dogo. Katikati ya mibuni kulikuwa na ufa wa upana wa kiganja, ukipita karibu kabisa na kaburi la babu. Sehemu kubwa alikuwa ameshaifukia. Tukamalizia pamoja: majani makavu ya migomba, udongo, kisha akapanda maharage juu yake ili lionekane ni tuta la kawaida. Siku hizo ustadhi wetu wa madrasa, mtu wa Mombasa, alikuwa ametukaririsha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi nikaziba kwa bidii, nikijiona mwanafunzi bora. Bibi alinifuta udongo mikononi kwa kanga yake.

"Usiambie mama yako," alisema, akielekeza kidevu kwenye kaburi la babu. "Yeye nataka toa mimi hapa. Sasa mzee nabaki na nani?"

Baada ya chakula mama alizunguka shamba lote, gauni likishika matope, baba nyuma yake. Alipita juu ya tuta letu na hakusimama. Kisha akanishika bega, akaniuliza taratibu, kama unavyomuuliza mtu mzima.

"Wewe umecheza huku tangu tufike. Umeona ardhi imepasuka mahali?"

Bibi alikuwa anamenya ndizi. Hakuniangalia.

"Hapana, mama."

Mama alishusha pumzi, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Tulifungiwa mkungu wa ndizi na kahawa, tukarudi jua likiwa bado juu.

Msimu ule mvua haikutupa nafasi. Mlima ulishuka mchana, wengi wakiwa sokoni, bibi akiwa nyumbani. Hakupatikana. Baba alikwenda kuchimba pamoja na wanaume wa kule, siku nne, hata sufuria hakuliona. Hakuna tena mibuni, wala jiko lile jeusi, wala kaburi la babu. Wakati mwingine najiambia bibi alipata alichokitaka, kisha naona haya kujitafutia nafuu rahisi namna hiyo. Nilikuwa mtoto, sawa. Lakini nilijua mama anaogopa, na nilijua tuta lile lina nini chini yake.

Mama sasa ni mzee, na wageni wakija huwasimulia. Kwamba yeye alitimiza wajibu wake, alikagua shamba lile hatua kwa hatua, hata mtoto alimuuliza. Akifika hapo hunigeukia.

"Si kweli, mwanangu?"

Nami humwongezea chai, na kumwambia ni kweli, mama.