Maji Matamu ya Kinondo

Wajukuu zangu wananiona kioja. Nimezaliwa Galu, bahari iko pale nyuma ya minazi, na mimi pwani sishuki. "Bibi, twende ukapunge upepo!" Upepo gani? Nilishaupunga wote siku moja, miaka ile ya hamsini, kabla mahoteli hayajaota.

Mama alikuwa na mabaka mgongoni, na vidole vyake vilikuwa havihisi moto. Aliepua sufuria ya wali kwa mikono mitupu nami nikamsifu kwa uhodari. Hodari! Ulikuwa ukoma. Wazee waliuita jedhamu, na wakiutaja hushusha sauti. Wakamhamishia jikoni alale peke yake, na kila usiku nililia nikimtaka.

Likakatwa shauri apelekwe Msambweni, kwenye makazi ya wagonjwa wa namna hiyo. Tulisimamisha basi, utingo akaitazama mikono ya mama, akapiga ubavu wa gari, likaondoka. Basi tukaenda kwa miguu, kwa njia ya pwani ili watu wasimwone: mama, mjomba wangu na mimi.

Mimi sikuambiwa neno. Mama alisema tu, "Leo nakutembeza, mwanangu, uzione pwani zote." Lo, furaha niliyokuwa nayo! Kutwa nzima na mama. Nikaapa moyoni kwamba jikoni harudi tena, atalala na mimi.

Mjomba alitangulia na mkeka na sufuria kichwani. Mama alinionyesha hiki na kile. Hapa maji yakipwa utapata chaza. Pale kuna samaki taa wamejifukia mchangani, buruta miguu wasije wakakuchoma. Pweza mtafute kwenye tundu lenye magamba mlangoni. "Mwanamke anayeijua pwani hafi njaa," akasema. Nilidhani ananifurahisha, kumbe ananirithisha.

Tulipofika Kinondo jua lilikuwa kali. Pana mahali pale, maji yakipwa, ukichimba mchanga unapata maji matamu yasiyo chumvi hata chembe. Kwetu tulikuwa na pahali kama hapo, na siku zote mama ndiye aliyenichimbia, akanikingia viganja, nikanywa mkononi mwake. Siku hiyo aliificha mikono ndani ya leso.

"Chimba mwenyewe, mwanangu."

"Sitaki! Nikingie wewe."

"Viganja vyangu si vya kunywea tena."

Nikakaa chini nikalia. Nikasema sinywi mpaka anikingie. Mama naye akalia, na mikono hakuitoa. Mjomba akaita kutoka mbele, "Dada, twendeni! Maji yatajaa, Gazi hatutavuka." Nikaondoka na kiu yangu.

Gazi tulipita katikati ya mikoko, tope hadi magotini. Tulipotoka upande wa pili niliona nyayo za mama zina damu. Kombe la chaza lilikuwa limempasua kisigino. "Mama, damu!" Akageuka akaitazama, akaniuliza ni ya nani.

Alasiri tukafika kwenye lango. Mlinzi akasema mtoto haingii. Hapo ndipo nilipoelewa tulikokuwa tukienda. Nikaikamata leso ya mama kwa mikono yote miwili, nikapiga mayowe, wakanibandua kidole kidole. "Nitarudi nikipona," mama akasema, akaingia bila kugeuka. Mjomba akaninong'oneza kwamba Mungu hamtupi mja wake. Astaghfirullah, siku ile niliona wametupwa wawili.

Tulilala kwa watu Msambweni, asubuhi tukarudi kwa njia ile ile. Tope, mchanga, jua, yale yale, ila hakuna wa kunionyesha kitu. Tukafika Kinondo, na koo langu limekauka kama gome. Pale nilipolilia jana bahari ilikuwa imepita, haikuacha hata alama. Mjomba, masikini, akapiga magoti akachimba, akanikingia viganja vyake.

"Kunywa, mama."

Nikatikisa kichwa. Nikasogea kando kidogo, nikachimba shimo langu mwenyewe. Maji yakapanda polepole, yenye mchanga kwanza, kisha safi. Nikakinga mikono yangu miwili, nikanywa. Hapo ndipo nilipojua kwamba mama harudi.

Wala hakurudi.