Mahali Kando ya Mume Wangu

Watu wa mtaa wangu wanaamini kwamba Njyanama, yaani baraza la wilaya yetu, ikitaka inaweza hata kusimamisha mvua. Niko kwenye cherehani yangu hapa Gisenyi, Rwanda, mtu analeta suruali ya kupunguza, na kabla hajaiweka mezani ameshaanza mashtaka: taa ya barabarani imezimika, mtaro umeziba, polisi wamekamata pikipiki ya shemeji yake. "Mama, we iko na nguvu kule, piga simu." Nimewaeleza mpaka mdomo umekauka. Diwani peke yake ni mtu kama watu wengine. Nguvu zake zinaanza pale anapoketi na wenzake, idadi imetimia, na jambo lenyewe liko kwenye ajenda iliyotangulia kugawiwa. Humo ndani tunapitisha bajeti ya wilaya, tunapanga ushuru wa soko, tunamhoji meya. Nikitoka nje ya ukumbi narudi kuwa fundi cherehani. Wanatikisa vichwa kukubali, kisha wananiuliza tena habari ya taa.

Jioni nafunga kibanda, naenda nyumbani ambako hakuna wa kuniuliza hata habari ya taa.

Mume wangu alikuwa fundi wa umeme wa magari, mzaliwa wa mji huu. Mimi nililetwa na wazazi kutoka Karagwe, Tanzania, nikiwa binti, pamoja na Kiswahili changu ambacho yeye alikiita cha redio. Alinicheka tangu siku ya kwanza. "Bibi yangu anaongea kama taarifa ya habari," aliwaambia rafiki zake gereji, na mimi nilinuna, kisha nikazoea, kisha nikawa nakipamba Kiswahili makusudi ili acheke. Hatukujaliwa watoto. Wazazi wangu walifia mashariki ya nchi, wadogo zangu wakarudi Karagwe kwenye biashara zao. Ndugu wa mume walivuka mpaka kutafuta maisha Goma na kwingineko, na baada ya matanga sikuwasikia tena. Presha ndiyo iliyomchukua. Aliondoka asubuhi akiwa mzima, akilalamika chai haina tangawizi.

Tulimzika kwenye makaburi ya umma, kwenye mteremko nje ya mji. Wachimbaji walipokuwa wanapima, niliwaomba waache nafasi ya kaburi moja upande wake wa kushoto, kwa sababu kitandani nililala kushoto. Mkubwa wao alinitazama, akaangalia chini, akasema, "Sawa mama, panda maua, hakuna mutu atagusa." Nikapanda maua. Kila baada ya muda nilikwenda kupalilia pande zote mbili, kwake na kwangu, na nilikuwa napata raha fulani ambayo siwezi kuieleza kwa mtu mwenye nyumba iliyojaa watoto. Kwetu Karagwe watu wa zamani walizikwa migombani nyuma ya nyumba, na mke alijua mahali pake bila kumwuliza mtu. Nilileta akili hiyo mjini. Sikufikiria kwamba ile ardhi si ya mume wangu wala si yangu, kwamba ni ya wilaya, na kwamba wilaya haijui habari za maua.

Nilichaguliwa baada ya yeye kufa. Majirani walisema natetea watu vizuri kwenye mikutano baada ya umuganda, tukishamaliza kufagia na kuzibua mitaro. Mimi nilikubali kwa sababu moja tu, siku zilikuwa ndefu. Wenzangu nao wakanifanya katibu wa baraza. Basi nikawa naenda vikao na kitenge kilichopigwa pasi, narudi na mafaili, nasoma usiku kwa sauti, nikibishana na kiti kitupu kuhusu ushuru wa soko. Kiti hakikuwahi kunishinda hoja. Afadhali kingenishinda.

Mwenyekiti wetu ni mwanajeshi mstaafu aliyekulia Uganda. Mji mzima unamwita Afande, na anaendesha kikao kama gwaride. Ukisema nje ya ajenda anagonga meza. Ukisema ndani ya ajenda lakini kwa maneno mengi, anatazama saa. Kitu anachokipenda kuliko vyote ni kanuni ya maslahi. Kila jambo, kabla halijajadiliwa, anavua miwani na kuuliza: kuna mwenye maslahi yake binafsi hapa? Aliyenayo anasimama, anayataja mbele ya wote, anatoka nje, wanaobaki wanaamua. Tulikuwa na mwenzetu mwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa ambaye alitolewa nje mara nyingi hadi akawa anakuja na mandazi yake ya kulia nje ya ukumbi. Tulikuwa tunamtania. Mimi nilimtania kuliko wote.

Siku ya jambo lile, faili lilikuwa limekaa nyumbani kwangu wiki nzima. Kamati ya ustawi wa jamii ilikuwa imekwenda kuyatazama makaburi na kuleta ripoti. Makaburi yamejaa, mvua inakula udongo wa chini, wilaya imepata ardhi pana upande wa Kanzenze. Wakapendekeza yafungwe: waliokwisha kuzikwa wasiguswe, lakini asiingizwe mtu mpya. Nilisoma "asiingizwe mtu mpya" nikaweka karatasi chini. Nilisimama, nikakaa. Niliosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Usiku ule niliwaza nitakavyopinga. Nilikuwa na hoja za kweli, si za kubuni: Kanzenze ni mbali kwa mtu asiye na gari, wazee hawatafika, ukuta wa mawe ungeweza kuuzuia udongo kuporomoka. Ningesema kwa upole na wengine wangenifuata. Hakuna mtu katika baraza lile aliyejua habari ya maua yangu. Ningenyamaza tu Afande atakapovua miwani, basi.

Vikao vyetu ni vya Kinyarwanda, kwa hiyo haya nayageuza. Afande alivua miwani. Akaeleza kwanza, kwa sababu nusu ya ukumbi ilikuwa imeanza kuinua mikono: mwenye kaburi la ndugu pale hana maslahi, kwani kaburi halitaguswa. Mikono ikashuka. Akasema mwenye maslahi ni yule tu ambaye uamuzi huu utampa kitu au utamnyang'anya kitu. "Yuko?"

Nilikuwa nimekaa karibu naye, kalamu mkononi, naandika. Niliandika swali lake. Nikangoja mkono wangu uendelee kuandika kwamba hakuna, na mkono haukuandika. Sijui kama ni uaminifu. Labda ni kwamba nimeolewa na kanuni baada ya kufiwa na mume, na mtu hawezi kufiwa na kila kitu. Nilisimama. Nikasema, "Mwenyekiti, mimi ninayo."

"Yataje."

Hapo ndipo nilipoona ugumu. Mwenye nyumba ya wageni anataja nyumba yake na watu wanacheka. Mimi nilitakiwa kusema mbele ya madiwani, na wananchi waliokuja kusikiliza kule nyuma, kwamba kuna kipande cha udongo nilichokuwa nakipalilia nikingojea kulala humo. Nilisema. Nilisema vibaya, maneno yamepinda. Mama mmoja huko nyuma alisema "Yooo," taratibu, kama mtu anayeipisha maiti njiani. Nikakusanya mkoba wangu nikatoka, na diwani mwingine akashika kalamu yangu.

Kwenye benchi la nje nilikaa na hasira. Nilimkasirikia Afande, nikaikasirikia kamati, nikamkasirikia marehemu kwa kutangulia na kuniachia mambo haya. Nilisikia viti vikisogezwa, sauti zikipanda na kushuka, meza ikigongwa. Sikushika neno. Watu walipita na bahasha zao wakiniamkia kwa heshima, "Mwaramutse, mama diwani," nami nikiitikia kama mtu mwenye kazi pale. Nilifikiri nitakavyopelekwa Kanzenze siku hiyo ikifika, kwenye mstari wa watu wasionijua, na yeye kule kwenye mteremko akiwa na nafasi tupu ubavuni. Nililia kidogo. Nikajifuta kwa kitenge kabla hawajaniita.

Walinirudisha ndani. Afande alisoma uamuzi amesimama: makaburi yamefungwa, hazikwi mtu mpya, isipokuwa mume au mke aliyeachiwa nafasi kando ya mwenzake. Nilisikia hadi "kando ya mwenzake". Katibu mzima, kazi yangu ni kusikiliza hadi nukta, na yaliyofuata baada ya hapo sikuyasikia. Baada ya kikao Afande alinifuata kwenye ngazi, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kambini, "We mama, ulifanya muzuri kutoka. Ungebaki, mi ningekataa. Ulitoka, ndiyo maana niliweza kukusemea." Nilitaka kumshukuru, lakini alikuwa ameshatazama saa.

Uamuzi ulipopita ngazi zote na kutangazwa, tuliambiwa wenye nafasi waende kwenye ofisi ya murenge, yaani ya kata, wakaandikishwe kwa etasivili, yule afisa wa vizazi na vifo. Nilikwenda asubuhi nimevaa nguo mpya niliyojishonea. Nilikuta foleni. Kumbe hatukuwa wachache tulioacha nafasi kimyakimya. Kulikuwa na mzee aliyeletwa na wanawe wawili, na bibi mmoja wa Kanama aliyeshikwa mkono na mjukuu wake, na wote walikuwa wachangamfu kama watu waliopata kiwanja. Bibi akaniuliza, "We umekuja na nani?" Nikamwambia nimekuja mwenyewe, nakaa karibu tu. Sikuelewa kwa nini ameuliza.

Etasivili ni binti mdogo, mpole, kucha zake nyekundu. Alichukua kitambulisho changu, akaingiza jina la marehemu, akaniuliza ni upande gani. Kushoto. Kisha akasema, "Na mutu wako, mama?"

"Mtu gani?"

"Ule atasimamia. Siku ile ikifika, ni yeye atakuja hapa kutuambia, na kukupeleka pale. Njyanama iliamua hivyo. Bila mutu, tutajuaje kama umekufa?" Akaona aibu. "Bon, samahani. Nilitaka kusema, kama mutu hana mutu, wilaya inamuzika, na wilaya sasa inazika Kanzenze."

Hayo ndiyo yaliyokuwa baada ya "kando ya mwenzake", kwenye muhtasari alioandika mwenzangu nami sikuusoma.

"Hata jirani tu, mama," akasema. "Mashine haikubali nikiacha wazi."

Nilifikiria majirani. Wapangaji wanaohama kila wanapopandishiwa kodi. Nilifikiria wadogo zangu Karagwe, ambao mara ya mwisho waliponipigia walikuwa wanatafuta namba ya mtu mwingine. Nilifikiria wateja: nimewavisha watu wa mji huu harusi na misiba, najua kiuno cha kila mtu, na hakuna hata mmoja ambaye ningeweza kumwambia, wewe ndiye utakayenibeba. Nyuma yangu watu walikuwa wanakohoa. Nikataja jina la Afande. Yule binti aliinua macho, akaandika.

Nje, kwenye ukuta wa ofisi, nikampigia.

"Afande, nimetoa jina lako kwa etasivili."

"Kwa jambo gani?"

"La kunizika."

Nilingoja anigombeze kwamba nimevunja utaratibu, sikumwomba ruhusa. Nilisikia redio nyuma yake, kisha ikazimwa.

"Iko sawa," akasema. "Mi nitakupeleka." Kisha akaongeza, "Lakini mi niko mukubwa kwako, mama. Na kama mi ndiye nitatangulia?"

"Basi nitakuzika mimi."

"Wapi?"

Nikafikiri anauliza utaratibu, nikaanza kumjibu kama katibu, na yeye akanikata.

"Bibi yangu iko Uganda, nilimwacha kule kwa udongo. Wenzangu wa vita walilala njiani, mi sijui hata mahali. Hapa sina mutu hata mumoja wa kulala kando yake. We utanipeleka kwa nani?"

Nilisimama pale juani, Kiswahili chote cha redio nilichonacho kikiwa hakinisaidii kitu. Aliita jina langu mara moja kuhakikisha bado nipo. Nikasema nipo. Tukabaki hivyo, simu sikioni, mpaka salio langu likaisha.