Divisheni Mbili za Namba Moja

Wifi yangu Ottilie alikuwa fundi cherehani, na miaka ile baada ya vita kazi yake kubwa ilikuwa kugeuza makoti ya jeshi. Mtu alimletea koti lake la kijivu; yeye akalifumua, akaligeuza la ndani nje, akalitia rangi ya kahawia, na Jumapili mke wa mtu huyo akaenda nalo kanisani. Nusu ya wanawake wa mji wetu wa kando ya mto Fulda walivaa jeshi lililoshindwa, wala hawakuona ajabu. Hata mimi nilivaa. Yeye hakuvaa, kwa sababu koti la mumewe halikurudi, wala mumewe hakurudi.

Mume huyo ni kaka yangu Gerwin. Watu wakisikia habari za divisheni ya askari wa miguu, hudhani ilikwenda kwa magari. Ya kwetu ilikwenda kwa farasi, na Gerwin alikuwa akiwapigilia farasi hao vyuma vya kwato. Alikwenda nao Ufaransa, kisha Urusi, mpaka Stalingradi, na huko divisheni nzima ikazingirwa na kuisha. Barua yake ya mwisho ilifika baada ya Krismasi ya arubaini na mbili. Alilalamika kwamba farasi wameliwa na sasa hana kazi.

Mpaka hapo naelewa. Kinachonitia wazimu ni kilichofuata. Wakubwa wa jeshi hawakupenda namba ya divisheni ipotee, basi masika yaliyofuata wakakusanya vijana wapya kule Ufaransa, wakawachanganya na majeruhi wachache waliokuwa wametolewa Urusi kwa ndege, wakawapa namba ileile. Wa kwanza walikuwa bado hawajazikwa. Wapya wakapelekwa Italia. Vita vilipokwisha, walionusurika wakaanzisha mkutano wa kila mwaka katika ukumbi wa mji wetu, na kwenye mkutano divisheni zote mbili zilihesabiwa kuwa moja tu.

Ottilie alikwenda kila mwaka, nami nilimsindikiza. Wanawake waliotafuta watu wao walisimama kando ya mlango, kila mmoja na kibao shingoni: picha, jina, kikosi, na swali, nani anamjua? Wanaume walipita kwenda kwenye bia zao. Wengine walisoma vibao, wengine walitazama viatu vyao. Mle ndani mzee mmoja aliyekuwa meja alisoma kurasa za historia ya divisheni aliyokuwa akiiandika. Tulisikia madaraja waliyovuka na vilima walivyoshika. Vijiji walivyopita, na watu waliochomewa nyumba humo, sikuwahi kusikia vikitajwa, na nilikuwa nikisikiliza.

Mwaka wa hamsini na tano Alfons, mwoka mikate wa mtaani kwetu, mjane, mguu mmoja mzito kwa jeraha, alimposa Ottilie. Hakuzunguka. "Wewe uko peke yako, mimi niko peke yangu, na tanuri langu lina joto la kutosha wawili," alimwambia mbele yangu, nami nikajifanya natafuta uzi. Ottilie alimpenda, ilionekana wazi. Lakini kabla ya kuolewa ilibidi aende mahakamani, ale kiapo kwamba hajapata habari yoyote ya Gerwin, ili Gerwin atangazwe kuwa amekufa.

"Niende mkutano mmoja zaidi," alimwomba Alfons. "Nisipopata neno, naapa."

Akaenda, na akapata neno. Mtu mnene mwenye masharubu mekundu alisimama mbele ya kibao chake, akasema, "Huyu namjua. Tulikuwa naye Italia, kiangazi cha arubaini na nne."

Jina lake lilikuwa Ewald Striebeck, dereva wa mikokoteni ya farasi katika ile divisheni ya pili. Wifi yangu akamsogezea kibao.

"Italia? Bwana, mume wangu alikuwa Stalingradi."

"Si walitolewa wengine kwa ndege? Alikuwa fundi wa kwato. Kabla ya kumwinua farasi mguu, alikuwa anamnong'oneza kwanza."

"Wote wananong'oneza, kaka," nikasema. "Hujui kingine?"

"Mtu mpole. Hakuongea sana."

Gerwin mpole! Kaka yangu alikuwa hafungi mdomo hata akiwa usingizini. Nilitaka kucheka, kisha nikajiuliza, je, mtu aliyetoka kule si angeweza kunyamaza? Nikachanganyikiwa palepale. Kama Ewald alisema kweli, basi Gerwin alikuwa hai mwaka mzima na zaidi, posta ilikuwa ikifanya kazi, na hakumwandikia mkewe hata mstari. Kama alikosea, Gerwin alikuwa amekufa kwenye theluji akiwa na njaa, akimpenda. Nilishindwa kujua nimwombee wifi yangu lipi kati ya hayo mawili. Nilimwonea huruma mpaka nikawa na hasira.

Ottilie alikwenda kwa meja kumuuliza. Meja alimjibu kwa upole, akimpigapiga bega. "Inawezekana kabisa, mama. Divisheni haikufa kamwe."

"Ya kwenu haikufa," Ottilie akasema. "Mimi nauliza mtu."

Alimwambia Alfons asubiri. Alfons akasubiri mwaka mzima, akimletea mkate kila asubuhi na kuondoka bila kukaa. Mtaani wakaanza maneno. Muuza maziwa, mwanamke mwenye mume, alimuuliza Ottilie, "Vipi, mama, umepata wanaume wawili au huna hata mmoja?" Nikamjibu mimi kwamba yeye anaye mmoja na bado hatujaona faida yake. Lakini usiku Ottilie alikuwa akikata makoti vibaya, mkono wa kushoto mahali pa kulia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata wakati wa mabomu.

Mkutano uliofuata tuliwahi kufika. Ewald alikuwa tayari mlangoni, amesimama mbele ya mama mmoja mzee aliyemtafuta mwanawe. Tukamsikia kwa masikio yetu. "Namjua huyu. Tulikuwa naye Italia. Mtu mpole, hakuongea sana."

Nilimvuta mkono hadi uani. "Mshenzi wewe! Huwa unawaambia wote hivyo?"

Hakukana. Alivua kofia. "Nikisema simjui wanalia, dada. Nikisema nilimwona, wanakwenda nyumbani wakitabasamu. Nimefanya hivyo miaka mitatu."

"Na wangu?" Ottilie akauliza. Sauti haikupanda.

Macho ya Ewald yakajaa machozi. "Wako nilimwona kweli, mama. Naapa kwa Mungu. Wako ni kweli."

Angenyamaza tu ningemshukuru. Tulirudi nyumbani, na kila nililotaka kumwambia wifi yangu, kinyume chake pia kiliwezekana kuwa kweli.

Jumatatu Ottilie alivaa nguo nyeusi, akaniambia twende mahakamani. Hakimu alikuwa kijana, mpole, mwenye mafua. Akamuuliza kama amewahi kupata habari za mumewe tangu barua ya mwisho.

"Sijui," Ottilie akasema.

"Mama, nahitaji ndiyo au hapana."

Aligeuza kichwa. Nje, kupitia dirishani, Alfons alikuwa amekaa kwenye ngazi, ule mguu mzito umenyooshwa, hatutazami ili asionekane anatuharakisha.

"Hapana," akasema.

Hakimu akaandika, kisha akasoma kwamba Gerwin amekufa tarehe thelathini na moja Desemba, mwaka wa arubaini na tano.

Ottilie akauliza nani alimwona siku hiyo. Hakimu akapenga kamasi, akaeleza kwamba hakuna. Waliopotea vitani ambao siku yao haijulikani, sheria imewapa wote siku hiyo moja, wakiwa popote.

"Ibadilishe, mwanangu," Ottilie akasema. "Nipe ya Stalingradi. Nipe hata ya Italia."

"Siwezi, mama. Kwani hiyo ina nini?"

"Usiku huo wa kuamkia mwaka mpya ndipo nilipocheza dansi bila yeye kwa mara ya kwanza."