Shiraa ya Mtihani

Darasa letu la mwisho lilikuwa na wasichana sita tu. Skuli yenyewe ilikuwa Kisauni, chumba kirefu cha mawe kilichoezekwa makuti, na mara kwa mara nazi iliporomoka juu ya paa katikati ya hesabu, tukapiga yowe, kisha tukacheka, mwalimu wetu akacheka kuliko sisi. Ilikuwa miaka ya vita. Sukari iligawiwa kwa kipimo, nguo zilikuwa hazionekani madukani, na malori ya askari yalipopita tulinyamaza mpaka vumbi litue, kisha tukaendelea na sentensi pale pale tulipoiachia.

Tuliingia pale wadogo, na sleti zetu mikononi, tukatoka wanawake. Ninapoikumbuka miaka ile siyakumbuki sana masomo. Nakumbuka jinsi tulivyokaa, mabega yakigusana, na jinsi nilivyoweza kufumba macho nikajua nani amepiga chafya.

Aliyekuwa na akili kutushinda sote alikaa kushoto kwangu. Baba na mama yake walikuwa wamefariki, akalelewa na bibi yake, mama mjuzi wa maneno, wa ukoo wa zamani, aliyesema Kimvita cha kale kama anayeonja halua. Mwalimu alikuwa amemwahidi huyu mwenzetu kwamba akipata cheti cha mtihani wa mwisho atamchukua awe msaidizi wake, awafundishe wadogo. Tangu siku hiyo alitembea kama mtu aliyebeba yai.

Kisha posa ikaja. Mchumba alikuwa kijana mwema, karani huko Lamu, mwenyewe akasema hana kinyongo mkewe akifundisha, skuli zipo hata Lamu. Lakini likizo yake aliipata wakati mmoja tu, na harusi ikaangukia wiki ile ile ya mtihani. Na kwa desturi, mwari hutawa: hukaa ndani siku nyingi kabla ya harusi, akasingwa mwili kwa unga wa liwa na karafuu, asionekane na jua wala mtu mume mpaka siku yake.

Sisi mashoga zake tuliruhusiwa kumtembelea. Tukawa twaenda kila alasiri. Somo wake, yule mama aliyekabidhiwa kumfunda mambo ya ndoa, akimsugua mgongo, na sisi tumekaa mkekani twamuuliza mito na miji mikuu. Alijibu kila kitu, uso umepakwa liwa, macho tu yakionekana. Siku moja alijibu vizuri sana, kisha akageukia ukuta. Mabega yakatikisika. Somo akaacha kumsugua.

Hapo tukaondoka wote watano, tukaenda kumkabili bibi uani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, wanangu. Mbona mumekuja kama kundi la kudai mahari?"

Nikamwambia. Asubuhi moja tu, atoke, aandike, arudi.

"Atoke!" Akaweka ungo chini. "Mwari atoke, atembee njiani, wanaume wamkodolee mato! Hamuna haya? Na kwa mume tutasema nini? Enzi zetu mwanamke mwenye kwao hata asiyekuwa mwari hakutembea hivi hivi. Tulitembea ndani ya shiraa, nguo pana imetandwa juu ya miti, pande zote imeshuka, huoni hata unyayo. Nimekwenda harusi, nimekwenda matanga, na mtu hajaniona hata ukucha."

"Ilibebwa na nani, bibi?" akauliza binti wa katekista.

Huyu alikuwa mchangamfu wetu, mkristo, babake akifundisha dini kanisani, na babu zake waliletwa pwani kwa minyororo kabla ya kuachiwa huru. Bibi alijua. Sote tulijua. Bibi akachukua ungo, akaupepeta ijapokuwa haukuwa na kitu.

"Na vijakazi," akasema polepole.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini binti wa katekista alisogea, akachuchumaa mbele ya bibi, akamshika goti.

"Basi hii itabebwa na mashoga zake. Mti mmoja nipe mimi, bibi, nimepika sana, nina mikono ya nguvu. Hawa wengine ni dhaifu, watamwangusha."

 Bibi akamwekea mkono kichwani, nami sijapata kumwona akimfanyia hivyo mtu mwingine yeyote.

"Yangu ililiwa na mchwa," akasema. "Itabidi mushone."

Tukashona. Nguo ilikuwa adimu kuliko nyama, lakini mama zetu walifungua masanduku. Leso za kabla ya vita zikatoka, zingine mpya, hazijawahi kufuliwa. Mama wa binti wa katekista alileta leso yake ya kwendea kanisani. Tukaziunganisha ukingo kwa ukingo, tukakata mapau manne marefu ya mti wa mkandaa, na asubuhi ya mtihani mwenzetu akaingia humo akiwa na kalamu yake, wanne tukashika miti, wa tano akabeba wino, bibi akatangulia na bakora.

Hatukulifikiria benchi la kahawa lililokuwa njiani. Wazee waliokaa pale waliona miti na nguo ikija taratibu, na wanawake wamenyamaza. Wakainuka wote. Mmoja akavua viatu. Kabla hatujasema neno, walikuwa nyuma yetu, wakitaka thawabu za kusindikiza jeneza.

"Inna lillahi," tulisikia. "Ni nani huyo, jamani?"

 Nikaushika mti kwa nguvu zaidi. Mtu akija kupokea mti, kama ifanywavyo jenezani, nguo itafunguka na yote yatakwisha.

"Maiti gani huyu?" sauti ya mzee ikasema. "Mbona atembea kwa miguu yake?"

Bibi akageuka. "Hapana maiti hapa! Mwari yuaenda mtihani! Rudini kwenye kahawa zenu!"

Wazee wakasimama kama waliomwagiwa maji. Kisha yule aliyevua viatu akageuka, akaupa uso ukuta wa duka. Na wenzake pia. Wakasimama hivyo wote, migongo kwetu, kofia zimeinama, mpaka tukapita. "Mungu amfungulie," mmoja akauambia ukuta.

Mwalimu alituruhusu kuisimamisha shiraa pembeni mwa chumba, karibu na dirisha. Msimamizi, mama wa kizungu, alichungulia mara moja kuhakikisha kwamba hana kitabu humo, akatoka akitabasamu. Sisi tukaandika. Joto lilikuwa jingi, na kutoka pembeni nilisikia kalamu yake ikikwaruza, haipumziki, nikapata raha nikasahau swali langu.

Tulipokuwa njiani kurudi, sauti ikatoka ndani.

"Lile swali la kujaza tangi, lenye mifereji miwili. Mumepata ngapi?"

"Sita," nikasema.

"Sita," akasema binti wa katekista.

"Si sita. Mfereji mmoja watoa maji, hauingizi."

"Wallahi waingiza!" nikabisha.

"Watoa! Tazameni."

Tukasimama katikati ya njia. Kidole chake kikausukuma upande wa leso ya kanisani kutoka ndani, kikaanza kuandika. Tukakifuata kikipanda na kushuka kwenye nguo, tarakimu kwa tarakimu, mpaka tukaona tulipopotea. Ilikuwa kumi na mbili. Binti wa katekista akaanza kucheka, mti ukayumba, nami nikacheka, na wote tukacheka mpaka machozi, na ndani ya shiraa pia alikuwa akicheka, kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu posa ilipokuja.

"Endeleeni, jua lawaka!" bibi akapaza sauti. "Mwafurahia nini?"

"Tumekosa, bibi!"

"Nyote?"

"Sisi sote," akasema binti wa katekista, akiurudisha mti begani. "Yeye amepata."