Mawe Kwenye Kona ya Kidimbwi

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka kule Lugari ni ya sabuni ya unga juu ya maji yaliyotulia. Tulikuwa tumehama kutoka Kabras muda mfupi baada ya uhuru, tukapata kipande cha shamba la Mzungu aliyerudi kwao, na pamoja na ardhi tukarithi kidimbwi chake cha bustani, shimo la saruji lenye kuta zilizosimama wima. Baba alikipenda kuliko ng'ombe wake. Kila Jumamosi alikisugua kwa brashi, akang'oa kila tete lililothubutu kuota, akajaza maji mapya. Na karibu kila asubuhi sisi watoto tulitumwa kuopoa mizoga: vyura, panya, siku moja kalunguyeye aliyevimba. Walikuja kunywa, wakateleza, wakazunguka ukutani mpaka nguvu zikawaishia. Mimi niliiona ni kazi tu, kama kuokota kuni.

Mama hakuiona hivyo, maana mdogo wangu Nekesa alikuwa ameanza kutembea.

"Baba Nekesa, hii shimo tuifukie," alisema.

"Mzungu alikuwanga nayo na watoto wake hawakufa."

"Mzungu alikuwanga na yaya. Mimi niko na jembe."

Baba alichukua brashi yake akaendelea kusugua. Basi Mama akaanza kufukia peke yake. Kila alipotoka kupalilia alileta karai la mawe, akayamwaga kwenye kona moja Baba akimwona. Baba naye akasusa, akasema hapotezi sabuni yake kwa jalala. Rundo likakua likawa mteremko. Maji yakageuka kijani, matete yakarudi, kereng'ende wakaja, na asubuhi moja nilikwenda kuopoa nikakosa cha kuopoa. Juu ya mawe palikuwa na nyayo ndogo za matope zilizopanda kutoka majini.

Msimu wa mavuno, tukipukuchua mahindi nyuma ya nyumba, Nekesa akatoweka. Mama alitupa ungo akakimbia moja kwa moja kidimbwini. Tulimkuta mtoto ameketi juu ya yale mawe, maji yakimfika kiunoni, matope mpaka kwenye nyusi, anamkodolea macho chura. Alikuwa amezama, kisha akatambaa akapanda mteremko wa mawe. Mama alilia kwa sauti. Baba alisimama mikono kichwani, na mimi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

"Wacha ibaki hivyo," Mama alisema jioni. "Kitu ikiingia, inatoka."

Kesho yake Baba alileta karai la mawe mwenyewe, akayapanga moja moja. Habari za kufukia na za kusugua zikaishia hapo.

Siku hizi naishi Shirere, ambako majirani zangu wameweka vigae mpaka bustanini, na wajukuu huniuliza mbona kidimbwi nilichochimba bustanini, chenye mteremko wa mawe kama ule, ni kichafu. Nekesa mwenyewe ameota mvi na husema hakumbuki lolote. Lakini kila akinitembelea, kabla ya kuketi anywe chai, hupitia kwanza bustanini, na jiwe lililoteleza hulisukuma kwa mguu likarudi mahali pake.