Shamba Lisilokosa Mvua

Kila mwaka kidato cha nne wakikaribia kumaliza, huwa nawapa kipindi kimoja cha kuzungumza juu ya kazi. Nafundisha uraia katika sekondari moja huku Nangwa, na mada yenyewe imo kwenye mtaala, kwa hiyo siibi muda wa mtu. Nachora jedwali ubaoni: kazi upande wa kushoto, mshahara katikati, na kulia nafasi ya kuandika kama mwenye kazi hiyo anaifurahia. Nafasi ya katikati hujaa haraka. Wanafunzi wangu hawajawahi kushika mshahara wa mtu yeyote, lakini wanaujua wa daktari, wa mhasibu wa halmashauri, wa mbunge, na wangu wanaujua kuliko ninavyoujua mimi. Ile ya kulia ndiyo wanayoigombania. Mwaka huu msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye kwao ni wafugaji wa Gendabi, alisimama akauliza, "Mwalimu, kwani wewe unaifurahia yako?"

Darasa zima likainua vichwa, kwa ile raha ya kumwona mwalimu amebanwa. Nikamjibu kwamba naifurahia, na sikudanganya. Napenda kufundisha. Napenda hasa pale mtoto aliyekuwa akikodoa macho tu anapoanza kunibishia. Ila nilipogeuka kufuta ubao nilijiona niko Bashay, nimepiga magoti kwenye tuta, mikono inanuka kitunguu saumu. Nikafuta polepole hadi kengele ikalia.

Bashay ndiko kwetu. Baba analima vitunguu saumu, mahindi na maharage, na ana ng'ombe wachache. Chini kabisa ya shamba, karibu na kijito, kuna kipande chenye udongo mweusi unaoshika unyevu hata kwingine kukikauka. Hapo ndipo baba aliponifundisha kupanda nikiwa shule ya msingi. Punje inakaa ncha juu, kitako chini. Nilizozipindua alizifukua moja moja, akanirudishia mkononi. Nimepita sehemu nyingi tangu hapo, na nimelala kwenye nyumba nzuri kuliko yetu, lakini sijawahi kutamani mahali kama ninavyokitamani kipande kile.

Nilipoajiriwa, mshahara wa kwanza nilimnunulia baba kiti cha mbao chenye mto kwa fundi wa Katesh, nikakisafirisha juu ya basi. Mama akakifunika kwa kitambaa alichodarizi mwenyewe, na tangu siku hiyo hakikaliwi na mtu wa nyumbani. Ni cha padre, cha afisa kilimo, cha wakwe. Baba anakaa kwenye kigoda chake, anakitazama. Siku nilipokipeleka aliwaambia majirani, "Huyu serikali imempa shamba lisilokosa mvua." Nilicheka pamoja nao, nikajiona mtu.

Shida ni kwamba vitunguu saumu vyetu hukomaa wakati ule ule kidato cha nne wanapojiandaa na mtihani wa taifa, na hakuna mkuu wa shule anayetoa ruhusa kirahisi wakati huo. Kwetu kung'oa vitunguu ni kazi ya majirani. Leo wanakuja kwako, kesho unaenda kwao, na kila nyumba hutoa watu wake. Asiyeweza kufika hutuma mtu wa kusimama mahali pake kwenye mstari. Basi kila mwaka natuma pesa ya kibarua na pesa ya sukari ya chai. Kibarua mwenyewe ni yule yule, baba wa watoto watatu anayeishi ng'ambo ya kijito. Nasikia ni mwepesi kuliko mimi.

Jirani yangu hapa kwenye nyumba za watumishi ni muuguzi, mwenyeji wa kusini, dada mcheshi asiyebakiza neno. Jioni tukikaa barazani tunalinganisha kazi zetu. Mishahara haipishani sana, na makato tunayalaani pamoja.

"Lakini mimi nikipita mnadani," ananiambia, "wamama wananionyesha watoto. Huyu ulimpokea wewe, huyu pia ni wako. Wewe nani anakuita?"

"Wananiita, dada. Wakitaka kukopa."

Anacheka mpaka anashika mbavu. Niliwahi kumwuliza kama hakumbuki kwao. Akasema kwao kuna mikorosho, na kaka zake waichukue yote. Yeye akikosa zamu wiki moja anaumwa. Nilimwonea wivu, sifichi. Moyo wake na mshahara wake vinakaa nyumba moja.

Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyebaki nyumbani na baba, naye ana mahesabu yake. Bei ya vitunguu ikianguka hunipigia. "Kaka, wewe mwezi ukiisha simu inalia, umelipwa. Mimi mlanguzi akinikimbia, nimpigie nani?" Yeye anautaka usingizi wangu, mimi nautaka udongo wake, na tukizungumza kila mmoja anaona mwenzake anadeka.

Mwaka huu alinipigia na habari nyingine. Baba miguu imemchoka, ameamua kuonyesha mipaka. Kwetu mzee hugawa shamba mbele ya majirani, na siku inayofaa ni ya mavuno kwa sababu wote wapo. Wakishazunguka naye mpakani na kula chakula chake, wao ndio mashahidi. "Uje, kaka," alisema. "Sitaki isemwe tuligawana ukiwa haupo."

Nilimwomba mkuu wa shule siku mbili. Nikasema ni mambo ya familia, akaniangalia usoni, akanipa. Nilipanda basi hadi Dareda, nikabadili gari la kupandisha mlima kwenda Dongobesh, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nisingeomba mengi. Ningeomba kipande cha kijitoni tu, kile ambacho mtu akisimama katikati akirusha jiwe linavuka mpaka. Nikistaafu nitajenga kibanda juu yake. Kabla ya hapo ningekuja likizo, hata kwa kukitazama tu.

Asubuhi ya mavuno nilishuka shambani na suruali ya zamani. Mbwa wa nyumbani akanibwekea. Yule kibarua akamwita, akanyamaza. "Mwalimu, karibu sana," akaniambia, na akasogea kunipisha, mahali ambapo kwa miaka yote hii nimekuwa nikimlipa asimame. Nilipiga magoti kando yake. Udongo ulikuwa vile vile. Unashika shingo ya kitunguu, unatikisa kidogo, kinakuja na ndevu zake, unakung'uta, unalaza. Mgongo uliniuma mapema, watoto wa mdogo wangu wakanipita wakinicheka, na nilikuwa na furaha ambayo kwenye jedwali langu la ubaoni haina pa kuandikwa.

Jua lilipopanda baba aliinuka na fimbo yake. Tukamfuata sote, wazee mbele. Alipita kwenye mstari wa mkonge wa juu, akashuka ubavuni, akafika kijitoni, akazunguka kurudi. Kisha akasema shamba lote ni la mdogo wangu, na kwamba mimi ninalo langu.

Nikavua kofia. "Shikamoo, baba," nikasema, ingawa tulishasalimiana, maana sikujua nianzie wapi.

"Marahaba."

"Naomba kile cha kijitoni."

Wazee walitazama chini. Baba hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. "Ukipewa utalima lini?" akauliza.

"Likizo. Na nikistaafu."

"Ukistaafu utakuja kwa mdogo wako. Hatakufukuza. Lakini wewe ukiugua leo, mwezi ukiisha unalipwa. Huyu akiugua, ndio basi. Nikimpunguzia huyu nikuongeze wewe, nitakuwa nimegawa nini?"

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yake. "Baba," akasema, "mpe tu. Ni kaka."

Alisema vile kwa moyo, namjua. Lakini nilimwona shemeji, mke wake. Alikuwa amebeba mtoto mgongoni, akaifungua kanga na kuifunga upya, na kuifungua tena, huku akitazama kipande kile. Ndicho kinachowapa mboga kiangazi, na ndicho kilichomlipia mtoto mkubwa sare ya shule. Udongo unaoshika unyevu kila mtu anaujua, si mimi peke yangu. Nami bado nilikitaka. Neno langu moja tu lilikuwa limebaki, na wote walikuwa wakilisubiri.

"Acha," nikamwambia mdogo wangu. "Nilikuwa nauliza tu."

Shemeji akaacha kanga. Baba akashusha pumzi, akanishika bega kama anavyowashika watu wazima wenzake. Wazee wakaanza kuzungumza juu ya mvua. Tukarudi hadi penye kivuli ambapo mama alikuwa ameshapakua makande na kumimina chai, na watu wakakaa chini walipopenda, kwenye magunia, kwenye nyasi, kwenye debe lililopinduliwa. Nami nikaanza kukunja magoti nikae kwenye gunia pamoja na yule kibarua.

"Hapana, hapana," baba akasema. "Mleteeni mwalimu kiti."

Mtoto akakimbia nyumbani, akarudi nacho kichwani, na kitambaa cha mama juu yake. Wakakiweka mahali palipo sawa, mbali kidogo na wengine, ili nisichafuke. Mama akanipa kikombe kwa mikono miwili. Chai ilikuwa na sukari nyingi, ile niliyoituma mwenyewe.

Nikakaa. Mto ulikuwa bado mgumu kama siku niliyokinunua.